Handel: mtu wa hasira, mlafi na mfanyabiashara aliyetuachia "Haleluya" (uzi mrefu)

Besi Mkongwe (mtoa mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Kuna mdau kwenye uzi mmoja wa kwaya ameandika kwamba aliyetunga "Haleluya" alikuwa mlokole aliyejifungia akafunga na kuomba mpaka malaika wakamshukia na nota mkononi. Sikutaka kuharibu uzi wa watu, nimefungua wa kwangu. George Frideric Handel nimemfuatilia miaka mingi, sababu kubwa ikiwa naimba sauti ya nne na yeye ni mmoja wa watunzi wachache wasioifanya besi ikae pale chini inapiga "boom, boom" kama haina kazi.

Na wewe usiyeimba kwaya usikimbie. Ukiangalia Ligi ya Mabingwa Ulaya unamjua. Ule wimbo wanaoupiga timu zikiwa zimejipanga, Tony Britten aliutengeneza mwaka 1992 kwa kuazima kwenye "Zadok the Priest", kazi ya Handel ya mwaka 1727 aliyoiandika George II alipotawazwa. Tangu siku hiyo imeimbwa kila mfalme au malkia wa Uingereza anapovikwa taji, hadi Charles III mwaka 2023.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kubisha ajiandae: Handel hakuwa mtakatifu. Alikuwa mtu wa biashara ya burudani, mwenye mdomo mkali na tumbo kubwa, na mkono wake ulitoa kuliko mikono ya matajiri wengi wa London. Ukiiondoa ile biashara, Messiah, kazi kubwa ambayo "Haleluya" imo ndani yake, hupati.

Twende kazi.

Alizaliwa Halle, Ujerumani, tarehe 23 Februari 1685. Mwaka huohuo, mwendo wa siku chache tu kutoka hapo, alizaliwa Johann Sebastian Bach. Hawa wawili hawakuwahi kuonana maisha yao yote, na aliyekuwa anahangaika kutaka waonane ni Bach. Baba yake Handel alikuwa kinyozi na mpasuaji, enzi hizo kazi hizo zilikwenda pamoja, na alikuwa ameshapita miaka 60 mtoto huyu alipozaliwa. Alitaka kijana awe mwanasheria, muziki aliuona ni kazi ya watu wasio na mbele wala nyuma. Mwandishi wa kwanza wa maisha yake anasimulia kwamba kinanda kidogo kiliingizwa kwa siri darini, mtoto akawa anapanda kupiga wazee wamelala. Kilichomwokoa ni mtawala wa Weissenfels, aliyemsikia akipiga kinanda cha kanisa na kumwambia mzee amwache mtoto asome muziki. Kinyozi wa nyumba ya mtawala unambishia vipi bosi wako?

Akapelekwa kwa Friedrich Wilhelm Zachow, mpiga kinanda wa kanisa kubwa pale Halle. Sheria alijiandikisha kweli chuoni mwaka 1702, akaaga mapema. Mwaka 1703 yuko Hamburg, anapiga fidla kwenye jumba la opera, ile michezo ya kuigiza inayoimbwa.

Mzee wa Solfa

Mkuu weka nyama. Nimekaa mkao wa kula.

Besi Mkongwe

Nyama hii hapa, Mzee.

Hamburg alimpata rafiki, Johann Mattheson, mwimbaji na mtunzi. Wakaenda wote Lübeck kuomba nafasi ya mzee Buxtehude, mpiga kinanda wa kanisa aliyekuwa anakaribia kustaafu. Nafasi nzuri, ila na sharti: ukiipata kazi, unamwoa binti wa mzee. Vijana wakashukuru kwa ukarimu, wakapanda gari kurudi kwao. (Bach naye alifika huko mwaka 1705. Hakuchukua kazi.)

Sasa tarehe 5 Desemba 1704 inachezwa opera ya Mattheson. Mwenyewe anaimba humo, na mhusika wake akishakufa jukwaani alikuwa na desturi ya kushuka na kuchukua hapsikodi (kinanda cha nyuzi cha enzi hizo) aongoze hadi mwisho. Siku hiyo aliyekaa kwenye hapsikodi ni Handel, kijana wa miaka 19. Mattheson amekufa jukwaani, amefufuka, anakuja: "nipishe." Handel hanyanyuki. Wakatoka nje, sokoni mbele ya jumba, panga mkononi, watu wamezunguka. Kwa maelezo ya Mattheson mwenyewe, upanga wake ulimgonga Handel kwenye kifungo kikubwa cha chuma cha koti ukavunjika. Kifungo kile kingekosekana, leo hakuna Haleluya na UEFA wangetafuta wimbo mwingine.

Kabla mwezi haujaisha wamepatana, wamekula pamoja, na Januari 1705 Mattheson huyohuyo anaimba kwenye Almira, opera ya kwanza ya Handel. Hasira zake zilikuwa hivyo siku zote. Zinapanda haraka, zinashuka haraka, kinyongo hana.

Italia alikaa 1706 hadi 1710 na nitapita mbio, maana ni miaka ya raha tupu: makadinali wanamlisha, anakutana na Corelli, bingwa wa fidla, anashindanishwa kupiga vinanda na mtunzi Domenico Scarlatti. Kwenye hapsikodi walibishana nani zaidi, kwenye kinanda cha kanisa Scarlatti mwenyewe alikiri. Opera yake Agrippina ilipofunguliwa Venice, watu wa ukumbi walipiga kelele "Aishi Msaksoni (Mjerumani wa Saxony) wetu mpendwa!" Ndipo akachukua kazi kwa mtawala wa Hanover, akaomba ruhusa kwenda London, akarudi, akaomba tena, na ile ya pili hakurudi. Mwaka 1714 Malkia Anne akafariki, na aliyeletwa kurithi kiti cha Uingereza ni nani? Bosi wake aliyemkimbia, sasa anaitwa George I.

Kichwa Ngumu

Hahaha, hapo lazima aliliwa kichwa.

Besi Mkongwe

Wala. Mshahara wake wa kifalme uliendelea, tena ukaongezwa. Tarehe 17 Julai 1717 mfalme akapanda mashua kwenye mto Thames, mashua ya pembeni imebeba wapiga muziki kama 50, wanapiga kazi mpya ya Handel. Mfalme alifurahi akataka irudiwe yote mara tatu. Hao 50 sijui midomo ilikuwaje kesho yake.

Binti Alto

Kaka Besi, usisahau waimbaji. Mimi nilimpendea yale ya Cuzzoni.

Besi Mkongwe

Dada, nakuja hapohapo.

Biashara ya opera London iliendeshwa kwa hisa. Matajiri wanachanga, wanaletwa waimbaji kutoka Italia kwa pesa ambazo hata leo zingeleta maneno. Mmoja ni Francesca Cuzzoni. Kwenye mazoezi ya Ottone, opera ya Handel, anapewa wimbo wake wa kwanza, anaukataa: rahisi mno, hauonyeshi sauti yake. Handel akamwambia kwa Kifaransa, "Bibi, najua wewe ni shetani jike wa kweli, ila mimi nitakuonyesha kwamba ni Beelzebuli, mkuu wa mashetani." Akamkamata kiunoni, akaapa kumtupa dirishani. Cuzzoni akauimba. Mwaka 1723 wimbo huohuo ndio uliompa jina London yote.

Angalia hapo. Ukatili wa tabia upo, sitetei, mtu wa leo angeshtakiwa. Lakini alikuwa sahihi kuhusu wimbo.

Binti Alto

Na yule mwimbaji mwanamume aliyemtishia kwamba ataruka juu ya hapsikodi aivunje kwa sababu Handel anampigia vibaya? Inasimuliwa Handel akamjibu: niambie siku gani, nitangaze, maana watu watakaokuja kukuona unaruka ni wengi kuliko wanaokuja kukusikia unaimba.

Besi Mkongwe

Hiyo ndiyo lugha yake hasa. Nayo aliisema kwa Kiingereza chenye Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano ndani yake, hakuwahi kukinyoosha pamoja na kuchukua uraia mwaka 1727. Charles Burney, aliyempigia muziki na baadaye kuandika historia, anasema sura ilikuwa ya kununa siku zote, lakini akitabasamu uso mzima ulibadilika. Na wigi lake kubwa jeupe lilikuwa kipimo: muziki ukienda vizuri linatikisika kidogo, lisipotikisika waimbaji wanajua kuna mtu atasemwa.

Ulaji sasa. Inasimuliwa Handel ameagiza chakula cha watu watatu mkahawani. Kinachelewa. Anauliza, anaambiwa tunasubiri wageni wako wafike. "Leteni haraka, wageni ni mimi." Mchoraji Joseph Goupy, rafiki yake, alialikwa akala chakula cha kawaida kwa maelezo kwamba hali ya pesa ni mbaya. Handel akatoka kidogo, akakawia. Goupy kuchungulia chumba cha pili, mwenyeji anashushia vinono peke yake. Mwaka 1754 ikatoka katuni ya Goupy: nguruwe mwenye wigi amekalia pipa la mvinyo, anapiga kinanda. Urafiki ukaishia hapo. Hii ndiyo hasira yake pekee ninayoijua ambayo haikushuka.

Mzee wa Solfa

Sasa biashara. Wengi hawajui jamaa alikuwa anaanguka.

Besi Mkongwe

Alianguka vibaya, Mzee. Januari 1728 ikaja The Beggar's Opera ya John Gay, kwa Kiingereza, nyimbo za mtaani, wahusika ni wezi na makahaba. Ikachezwa mara 62 msimu wa kwanza. Nani tena alipe kusikia Kiitaliano asichokielewa? Kampuni ya opera ikafa mwaka huo. Akaanzisha nyingine. Mwaka 1733 wakubwa wasiompenda wakafungua jumba la kushindana naye, wakamchukulia waimbaji, wakamleta na Farinelli, mwimbaji nyota wa Italia. London haikuwa na watu wa kujaza majumba mawili, yote yakavuja damu.

Aprili 1737 akapata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza, akili ikawa inayumba. Miaka 52. Wengi walidhani basi tena. Akaenda Aachen kwenye maji moto, akakaa humo muda mrefu kuliko wagonjwa wengine walivyozoea. Akatoka, akaenda moja kwa moja kanisani, akapiga kinanda mpaka masista wakasema ni muujiza. Desemba mwaka huohuo anatoa wimbo wa maziko ya Malkia Caroline.

Opera ya mwisho, Deidamia, mwaka 1741, ilichezwa mara 3 tu. Hapo alikuwa tayari na bidhaa nyingine mkononi: oratorio. Hadithi za Biblia, kwa Kiingereza, kwaya kubwa, bila mavazi wala jukwaa la gharama, na zinauzika wakati wa Kwaresima ambapo opera zimefungwa. Mnaona akili ya duka hiyo?

Sasa Messiah. Charles Jennens, tajiri mwenye maneno mengi, alimpa maandiko aliyoyapanga kutoka kwenye Biblia. Handel akaanza tarehe 22 Agosti 1741, akamaliza 14 Septemba. Siku 24.

Kichwa Ngumu

Hapo ndipo unapotaka kuficha, Mkuu. Siku 24 bila Roho haiwezekani. Mtumishi wake alimkuta analia, akasema ameziona mbingu zimefunguka. Hilo tumefundishwa tangu Sunday school.

Besi Mkongwe

Ndugu, sijasema Roho hakuwepo, hilo si la kupimwa na mimi. Nasema hadithi ya mtumishi haimo kwenye maandishi ya mtu yeyote aliyeishi naye. Imeibuka miaka mingi baada ya yeye kufa. Kadhalika ile ya Mfalme George II kusimama "Haleluya" ilipoanza: tunaipata kwenye barua ya mwaka 1780, na magazeti ya siku zile hayasemi kama mfalme alikuwepo. Simama ukipenda, mimi husimama, ila usiniambie ni kwa sababu ya mfalme.

Na kasi? Ilikuwa kawaida yake. Alipoweka kalamu ya Messiah chini aliishika ya Samson, oratorio nyingine, na mwisho wa Oktoba rasimu ilikuwa imesimama. Tena alijua kutumia alichonacho. Ule wimbo wa kwaya "Maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa", zile noti nyingi zinazokimbia kwenye "amezaliwa" zinazotutoa jasho kila Desemba, Julai ya mwaka uleule zilikuwa wimbo wa mapenzi wa Kiitaliano wa sauti mbili: hapana, siwaamini ninyi, Penzi kipofu na Uzuri katili. Akabadilisha maneno, akaongeza sauti. Za wengine pia alichukua bila kuomba, na hapo watetezi wake wanapata kazi.

Jennens hakufurahi na haraka hiyo. Aliandika kwamba imetoka burudani nzuri, ila si nzuri kama alivyoweza na alivyopaswa.

Mzee wa Solfa

Simulia ya Chester.

Besi Mkongwe

Hii iwe funzo kwa besi wote. Novemba 1741 Handel anakwenda Dublin, upepo umekataa, amekwama Chester. Anataka kujaribu nyimbo zake, anaomba waimbaji wanaosoma nota papo hapo. Analetwa mchapaji mmoja aitwaye Janson, sauti ya besi, anasifiwa kanisani. Wakaanza "kwa kupigwa kwake sisi tumepona". Janson akapotea, akarudiwa, akapotea tena. Handel akatukana kwa lugha nne au tano, kisha: "Mhuni wewe! Si ulisema unaweza kuimba kwa kuona?" Janson: "Ndiyo bwana, lakini si kwa kuona mara ya kwanza."

Burney alikuwa mwanafunzi hapo Chester, ndiye aliyeihifadhi. Kila nikiisoma nawaona watu wa mstari wetu wa nyuma.

Dublin, 13 Aprili 1742, ukumbi wa mtaa wa Fishamble. Tangazo liliwaomba akina mama waje bila zile fremu za kutanua gauni na wanaume waache panga nyumbani, ili nafasi itoshe. Wakaingia kama 700. Zikapatikana kama pauni 400, zikagawanywa mafungu matatu: hospitali mbili na wafungwa wa madeni. Watu 142 wakatoka gerezani kwa pesa hizo. Mimi nikiimba "Haleluya" huwa nawafikiria hao 142 wakienda nyumbani kuliko kuwafikiria malaika.

London mwaka uliofuata wakaisusa. Maneno matakatifu kwenye jumba la maigizo, yakiimbwa na wasanii? Ikabidi itangazwe bila jina, "oratorio takatifu mpya" basi. Kilichoigeuza ni watoto yatima. Mwaka 1750 Handel aliitoa kwenye kanisa la Foundling Hospital, kituo cha watoto waliotupwa kilichoanzishwa na nahodha Thomas Coram. Alikuwa ametoa na kinanda pia. Watu wakajaa hadi wengine wakarudishwa mlangoni na tiketi zao, ikabidi irudiwe baada ya wiki mbili. Ikawa kila mwaka, na kituo kilipata kama pauni 7,000 kwa Messiah peke yake.

Mtazamaji

Nasoma kimya tangu mwanzo. Mbona hutaji pesa za utumwa? Au unangoja tusahau?

Besi Mkongwe

Swali zuri, sikimbii. Handel alinunua hisa za South Sea Company, na mwaka 1720 akawa na za Royal African Company. Vitabu vya hisa vipo, jina lake limo. Royal African Company ilikuwa inanunua watu pwani ya Afrika Magharibi na kuwauza ng'ambo. South Sea ilikuwa na mkataba wa kupeleka watumwa 4,800 kwa mwaka kwenye makoloni ya Hispania. Mmoja wa wafadhili wake wakubwa, James Brydges, ambaye Handel alikaa kwake na kumtungia nyimbo za kanisa, alikuwa kati ya vigogo wa hiyo kampuni ya Afrika.

Kuna wanaosema kila mwenye pesa London alinunua hisa hizo. Ni kweli, na haibadilishi kitu: aliyefungwa chini ya meli hakujali wanahisa ni wangapi. Mtu huyu alifungua milango ya gereza Dublin, na pesa zake nyingine zikawa zinafunga watu Guinea. Mimi hayo mawili nayabeba yote nikienda mazoezini.

Mtazamaji

Sawa. Angalau umesema.

Binti Alto

Macho je?

Besi Mkongwe

Namalizia na hilo. Februari 1751 anaandika oratorio ya Jephtha. Amefika kwenye kwaya inayosema, Ee Bwana, hukumu zako ni giza, zimefichika machoni pa wanadamu. Katikati ya kwaya hiyo mwandiko unavurugika, na chini ya ukurasa ameandika kwa Kijerumani, lugha ya nyumbani: nimefika hapa tarehe 13 Februari 1751, nimezuiwa na jicho langu la kushoto. Tarehe 23, siku anatimiza miaka 66, ameandika tena: nafuu kidogo, naendelea. Alimaliza mwisho wa Agosti. Kisha giza likaja lote.

Alipasuliwa, haikusaidia. Mwaka 1758 akapitia mikononi mwa John Taylor, tapeli wa macho aliyezunguka Ulaya na gari la mbwembwe, ambaye mwaka 1750 alimpasua Bach macho naye Bach akafa miezi michache baadaye. Kwa hiyo watu wawili ambao hawakuonana kamwe waliunganishwa na kisu cha mtu mmoja.

Mzaha ulibaki. Daktari wake alimshauri amchukue John Stanley, mpiga kinanda kipofu, amsaidie. Handel akacheka sana: "Hujasoma maandiko? Kipofu akimwongoza kipofu wote wawili hutumbukia shimoni." Akaendelea kupiga mbele za watu, anabuni papo hapo, waimbaji wanamsubiri amalize.

Tarehe 6 Aprili 1759 alihudhuria Messiah kwenye jumba la maigizo la Covent Garden, London. Tarehe 11 akaongeza maneno kwenye wosia: pauni 1,000 kwa mfuko wa wanamuziki waliochoka na familia zao. Tarehe 14, Jumamosi baada ya Ijumaa Kuu, akafariki nyumbani kwake Brook Street. Hakuoa wala hakuwa na mtoto. Aliacha kama pauni 20,000, sehemu kubwa kwa binti wa dada yake Ujerumani, na watumishi wote walikumbukwa. Foundling Hospital wakapewa nakala ya Messiah, ili waendelee kuipiga wajipatie pesa.

Aliomba azikwe kimyakimya Westminster Abbey. Walikuja watu kama 3,000. Sanamu lake hapo limeshika "Najua ya kuwa Mteteaji wangu yu hai", na mwaka wa kuzaliwa wamemwandikia 1684 badala ya 1685.

Kichwa Ngumu

Mkuu nimekuelewa, ingawa ya mtumishi bado naiamini. Sasa tushushie na uzi wa Bach.

Besi Mkongwe

Bach ana watoto 20 ndugu yangu. Nikianza na majina tu wikiendi imekwisha. Mzee wa Solfa yupo, mwombeni yeye.

Mzee wa Solfa

Mimi nimeaga, naenda mazoezini.